Sahani ya Kufungua

Ilianza siku ya Jumamosi, saa nne kasoro robo asubuhi, likizo ya mwezi wa sita, nilipokuwa kidato cha tatu. Basi la kutoka Korogwe lilinishusha Kabuku, ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda cha mama yangu. Nilivuka na begi langu, nikasimama penye nguzo ya mbele nikisubiri anione. Alikuwa ameinamia sufuria ya maharage. Aliinua uso, akanitazama kama anavyomtazama abiria yeyote aliyeshuka kunyoosha miguu, akasema, "Karibu dada, kaa hapo. Wali upo, ugali upo, supu ndiyo inachemka." Kisha akarudi kwenye maharage yake. Nikasema, "Shikamoo mama." Mwiko ukasimama. Hakunikumbatia. Alikuja akanishika mkono juu ya kiwiko, akaubinya taratibu kama anavyobinya parachichi gulioni, akaniuliza kwa sauti ya chini ili watu wasisikie, "Nani kakufanya hivi?"

Nimeikumbuka asubuhi ile kwa sababu wiki iliyopita nilikutana na Rehema kwenye stendi ya Korogwe. Mimi na Rehema tulilala kitanda kimoja cha deka bwenini, yeye juu mimi chini, na tangu tumalize kidato cha nne tulikuwa hatujaonana. Hata salamu hakunipa. Alirudi nyuma kidogo, akanipima kwa macho kuanzia viatu mpaka ushungi, akapaza sauti mpaka wakata tiketi wakageuka: "Aisee, Zaina! Hujaurudisha!" Alikuwa anausema mwili. Mimi ni mtu wa aibu, nilitamani kujificha nyuma ya mizigo ya watu, lakini nilicheka. Nikamuuliza, "Wako je?" Akajipiga paja. "Wangu ulirudi wote, tena umekuja na ndugu zake. Nimeukaribisha, nifanyeje?" Alikuwa amependeza, anang'aa, sikuona jambo la kumsikitikia. Basi lake likaanza kutembea, akatoa kichwa dirishani akaniuliza, "Lakini wewe uliwezaje kubaki hivyohivyo?" Sikuwa na jibu la kumpigia kelele pale stendi. Nina miaka ishirini, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo na sina kazi nyingi za mikono. Basi namjibu hapa.

Kupungua kwenyewe hakukunipa tabu sana. Mtu akipungua anaonekana. Watu wanasimama, wanauliza, wengine wanasifia na wengine wanasema maneno, lakini angalau kuna jambo linatokea. Kubaki hakuna anayekuona. Unaamka, hakuna kilichotokea. Unalala, hakuna kilichotokea. Hicho kisichotokea ndicho kazi yenyewe, na unaifanya peke yako huku kila mtu anadhani ulishamaliza zamani. Shajara yangu ya mwaka ule ukiisoma utasinzia: nimekula nini, nimekataa nini, nimejuta nini. Mambo yaliyokuwa makubwa kweli sikuyaandika, nilikuwa naona haya hata mbele ya karatasi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule shule ilituma wanamichezo hospitali wakapimwe kabla ya mashindano. Nilikuwa mlinzi kwenye netiboli. Sikuwa hodari, ila nikisimama chini ya goli hapapitiki. Nesi alinifunga ule mkanda mkononi, akaujaza upepo, akatazama, akaufungua, akaufunga tena mkono wa pili, halafu akamwita mwenzake. Wakanirudisha kesho yake na kesho kutwa. Ilikuwa presha. Si ya kulazwa, alisema, lakini si ya msichana wa umri wangu. "Nyumbani mnakula nini?" akaniuliza. Nikamwambia mama yangu anauza chakula barabarani. "Na wewe unakula kilekile cha wateja?" Nikaitikia. Akakaa kitandani karibu yangu, akasema bila kunigombeza, "Mdogo wangu, mwili ukipungua itashuka. Mwili ukirudi, nayo inarudi. Ikizoea kurudi tutakuanzishia vidonge, na hivyo ni vya kila siku." Nilitoka pale nikiwa nimeshika jambo moja tu kichwani: sitaki vidonge vya kila siku nikiwa na miaka kumi na sita.

Mwanzoni nilifanya ujinga. Niliacha kula mchana, nikaanguka paredi, matroni akanigombeza. "Utakula kila chakula kinachopikwa hapa," aliniambia mbele ya wenzangu, "ila foleni hutarudia. Na soda na chapati za kantini, macho tu." Rehema aliposikia akasema na yeye anaanza, maana ana harusi ya dada yake. Kila jioni kabla ya prepu tulizunguka uwanja, yeye akisema na mimi nikisikiliza. Mpaka mwezi wa sita sketi zangu zilikuwa zimefungwa pini, na nesi alipopima alitabasamu. Ndiyo nikarudi nyumbani na shingo ambayo mama yangu hakuwahi kuiona.

Sasa lazima nieleze sahani. Kibandani kwetu kulikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine. Mama alijifunza kupika kwa bibi mmoja aliyewapikia wakata mkonge enzi mashamba yale yalipokuwa na watu wengi. Bibi yule, mama alisema, hakugawa chakula mpaka mtoto wake mwenyewe akae mbele ya wafanyakazi ale amalize, ili waone kwamba unga hauna wadudu na maharage hayakulala. Mama aliichukua desturi ile akaja nayo barabarani, akaiita sahani ya kufungua. Kila siku ya likizo, kabla ya basi la kwanza la saa nne, sahani ya kwanza ilikuwa yangu. Nilikaa benchi la mbele linalotazama lami, wali wa nazi umesimama kama kichuguu, maharage pembeni, nyama, mchuzi ambao mafuta yake yanaelea juu na kufanya miduara ya rangi ya chungwa. Nilikula mpaka sahani ikawa nyeupe, ndipo mama anaanza kupakua kwa wengine. Madereva walinijua tangu niko darasa la pili. Walipiga honi kabla hawajasimama: "Bonge kashakaa! Jiko limefunguliwa!" Wenzake mama walikuwa na vibao vilivyoandikwa kwa rangi. Mama hakuwa na kibao, alikuwa na mimi.

Kwa hiyo Jumamosi ile alipomaliza kunibinya mkono alisema neno moja tu: "Kaa." Akaniletea sahani. Nikamwambia, "Mama, shuleni walitupima. Nina presha. Nesi kasema nisinenepe tena." Mama aligeuka akamtazama mama mdogo Fatuma, mdogo wake, aliyekuwa anakatakata vitunguu. "Fatuma, umesikia? Mtoto ana presha." Akanigeukia. "Presha ya nini, una mume? Una wakwe?" Mama mdogo alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Dada, wamempima na njaa ya shule, hiyo mashine ikachanganyikiwa." Na mimi nikacheka, maana lilichekesha kweli, halafu nikachukua kijiko.

Siku zile za mwanzo kila aliyenawa mikono kibandani alikuwa na la kusema. Mzee Mhando, dereva wa lori la mbao, alikuwa mteja wa mama tangu kibanda kikiwa turubai. Alinitazama akasahau kukaa. "Mama Zaina, mtoto kaumwa?"

"Hajaumwa. Shule tu."

"Shule gani hiyo, ya jeshi?"

"Kula wali wako, Mzee Mhando."

"Nakula, lakini nauliza. Mimi chakula cha hapa nilikuwa napima kwa mashavu ya huyu mtoto."

Ng'ambo ya barabara Mama Pili, aliyekuwa anauza chakula kama sisi, hakuuliza mtu. Yeye alisema peke yake huku anapepea moto, kwa sauti ya kuvuka lami: "Mtoto wa mpishi akibaki shingo, jiulizeni kile chakula anakula nani." Wengine walinong'ona. Kuna mama mmoja aliyekuwa anakuja kutoka Mkata na mafungu ya muhogo, alimvuta mama pembeni akamwambia nipelekwe nikapime ule ugonjwa, mapema, siku hizi dawa zipo. Alisema kwa huruma kabisa. Mama alimshukuru, akamfungashia na maandazi, halafu alipoondoka akakaa kwenye kigoda akatazama majivu. Wateja walipungua wiki ile? Sijui. Mama alisema wamepungua. Mimi niliona watu wanakula kama siku zote, lakini si mimi niliyekuwa nageuza sufuria jioni kuangalia kilichobaki.

Basi nikala. Ningeweza kusema nilimwonea huruma, na ni kweli, lakini si kweli yote. Mama yangu alikuwa mtu ambaye macho yake yako kazini. Tangu alfajiri anatazama moto, mchele, barabara, mikono ya wateja. Ukimsemesha anakujibu vizuri huku anatazama sufuria. Ila ile sahani ikishatua mbele yangu, aliacha kila kitu. Aliegemea nguzo, akafuta mikono kwenye kanga, akanitazama mpaka tonge la mwisho. Hakuna wakati mwingine wa siku aliponitazama hivyo, na nilikuwa nimetoka shule, nilikuwa na hamu naye. Nikikataa sahani nitakuwa nimekataa na yale macho. Miaka minne imepita na bado nikishika sahani iliyojaa nahisi kuna mtu nyuma yangu aliyeegemea nguzo, na nikiacha nusu nahisi ameondoka.

Jioni moja kabla sijarudi shule nilikuwa nimelala chumbani, kile cha nyuma kilichotenganishwa na jiko kwa bati. Chumba kile kilikuwa na joto la mkaa hata usipowasha kitu, na harufu ya nazi iliyoingia kwenye godoro ikakataa kutoka. Mama na mama mdogo walikuwa wanaosha vyombo. Walianza kwa Kizigua, kama kawaida yao wakiwa wawili, halafu mama alipokasirika akahamia Kiswahili.

"Mtu wa Mwanza simjui hata jina, anashuka hapa anakula, ananiambia mama umeniokoa. Wa kumzaa mwenyewe anakuja kuniambia chakula changu kinamuua. Uso nitauweka wapi?"

"Hajasema kinamuua, dada."

"Kasema presha. Presha inaleta nini, mapacha?"

"Si ulimcheka?"

"Nilimcheka. Ulitaka nilie mbele ya wateja?"

Maji yakamwagwa. Nikaelewa kwamba alikuwa ameniamini tangu siku ile ya kwanza. Nilitaka kutoka nikasema kitu. Sikutoka. Nilivuta shuka, nikawa nasikiliza sufuria zinapangwa moja juu ya nyingine.

Niliporudi Korogwe pini za sketi zilikuwa hazihitajiki. Rehema alinipokea getini akasema, "Karibu, naona umerudi na mgeni." Nesi naye hakucheka wala hakugomba. Alipima, akasubiri, akapima. Ilikuwa imepanda. Akaniambia nirudi mwisho wa muhula, na ikiwa bado iko hivyo tutaanza vidonge, hakuna maneno tena. Njiani kurudi shule nilinunua maandazi mawili, nikala yote kwa hasira, nikamaliza kabla ya kufika kona ya posta. Nawaambia hili wale wanaodhani mtu akishajua hatari yake anaacha. Nilijua, na bado nilikuwa natafuna.

Sikuanza upya siku ile wala kesho yake. Nilianza nilipochoka kujichukia, kama baada ya wiki. Tulirudi uwanjani jioni, mimi na Rehema. Harusi ya dada yake ilikuwa imekwisha na yeye hakuwa na sababu tena, lakini alikuja, akisema anazunguka ili apate mtu wa kumsimulia. Ilisaidia kwamba chakula cha shule hakikuwa na mtu wa kukionea haya. Ugali ule hakuupika mtu anayekupenda. Ukiacha tonge, hujamwacha mtu yeyote. Mwezi wa kumi na moja nesi alifungua mkanda akasema, "Haya sasa. Ibaki hapohapo." Nikamwuliza inabakije. Akasema, "Hivyohivyo ulivyofanya, ila bila mwisho." Sikupenda jibu lile. Mpaka leo sijapata jingine.

Nikashuka Kabuku mwezi wa kumi na mbili nikiwa nimejifunza maneno yangu njia nzima, tangu Korogwe, tukapita Segera, mpaka ninaona moshi wa kibanda. Safari hii mama alinitambua. Alinitazama shingo. Asubuhi ya pili sahani ikaja. Nikasimama. "Mama, mimi sikai leo."

"Umeshakunywa chai?"

"Sikai leo na sikai kesho. Nitakula, lakini jikoni, na nitapakua mwenyewe kidogo. Nesi kasema nikirudi na mwili, wananianzishia vidonge."

Nilisema yote kwa pumzi moja nikitazama vidole vyangu vya miguu. Mama alibaki ameshika sahani mikononi, mvuke unampanda usoni. Basi lilikuwa limeshaonekana juu ya kilima. Akasema, "Haya." Akageuka akaita, "Mwajabu!"

Mwajabu ni mtoto wa mama mdogo Fatuma, wakati ule ana miaka kumi na mitatu, mashavu yake yamejaa na anapenda wali kuliko sikukuu. Alikuja mbio akifuta mikono. Alikaa kwenye benchi langu, akala kwa furaha, akiyumbisha miguu. Mimi nilikwenda nyuma kwenye masufuria. Kati ya bati mbili pale nyuma palikuwa na upenyo, na ukiinama kuosha unaona mbele bila kutaka. Nilimwona mama anaegemea nguzo. Alifuta mikono kwenye kanga. Akamtazama Mwajabu mpaka tonge la mwisho.

Sikujua mtu anaweza kumwonea wivu mtoto kwa sababu ya wali. Nilikuwa nimeshinda, si ndiyo? Hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyenigombeza. Nilikula ugali wangu kidogo na mchicha na samaki wa kuchoma, mama alinipishia jiko dogo bila neno. Lakini nyuma kule kulikuwa na hatari ambayo nesi hakunitajia. Sufuria ya wali wa nazi ikirudi nyuma huwa na ukoko, ule wa rangi ya kahawia, unaovunjika kama biskuti na una chumvi yote na nazi yote. Hakuna anayekutazama ukiukwangua, na hausemwi kuwa ni chakula. Siku za mwanzo nilikuwa naukwangua na kuula nikiwa nimechuchumaa, na sikuwa na njaa hata kidogo. Nilikuwa nakula lile benchi. Ilinichukua muda kuligundua hilo, na nilipoligundua sikuwa na dawa yake, nilikuwa na ndoo. Nikawa sufuria ikitua tu naimwagia maji kabla sijaitazama ndani. Watu wakiniuliza siri ya kubaki hutarajia niwaambie jambo la maana. Siri yangu ya kwanza ilikuwa ni maji kwenye sufuria.

Kule mbele maisha yaliendelea. Mzee Mhando alimpokea Mwajabu kwa shangwe. "Huyu sasa ndiye mtoto wa kibanda! Bonge mpya! Yule mwingine mmempeleka wapi?"

"Yupo nyuma," mama alijibu.

"Mmemficha?"

"Anaosha vyombo, Mzee Mhando. Kwani kwako vyombo vinajiosha?"

Watu walicheka, na mimi nikainamia masufuria zaidi. Hakuwa amenificha, nilijificha mwenyewe, lakini likishasemwa mbele za watu linakuwa na sura nyingine. Mwezi mzima ulikwenda hivyo, kwa amani, na nadhani amani ile ndiyo iliyonichosha. Mama aliniuliza kama nimelala vizuri. Alinituma chumvi. Usiku aliniachia upande wa ukuta kitandani kwa sababu mbu wako upande wa mlango. Hakunitazama.

Jioni ya mwisho, jua halijazama, alikuja chumbani kunifungia mizigo. Kila muhula alinijazia sanduku: karanga za kukaanga, kalimati ngumu zinazokaa wiki nzima, sukari, unga wa uji aliousaga na kila kitu, na chupa ya samli. Safari hii aliweka sabuni. Akaweka kandambili. Akapangua, akapanga tena. Nafasi ilikuwa kubwa, vitu vilikuwa vinacheza ndani. Akakaa kitandani, na kitanda kikalia.

"Nikikuwekea kalimati utakula?"

"Nitawagawia wenzangu."

"Basi nisikuwekee." Akatazama ndani ya sanduku. "Hiyo presha, mara ya mwisho walisemaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja neno lile tangu alipolicheka. "Imeshuka, mama. Ila isirudi."

"Alhamdulillah." Kule nje lori likapunguza gia kwenye mteremko. "Mimi nina kitu kimoja tu cha kumpa mtu, Zaina. Akija mgeni nampa. Akifiwa mtu napeleka. Ukirudi shule nakufungia. Sasa wewe nikupe nini?"

Nimeshasema mimi ni mtu wa aibu. Nilikuwa nakunja ushungi uliokwisha kukunjwa. Nikasema, bila kuinua uso, "Uwe unaniangalia."

"Nikuangalie nini?"

"Basi tu. Kama ulivyokuwa unaniangalia nikila."

Alifunga sanduku, kufuli likakataa, akahangaika nalo mpaka likakubali. Alipofika mlangoni akasema kesho kuna mchele wa kuchambua, nisilale sana.

Asubuhi iliyofuata niliswali, nikafagia mbele, nikavaa sare kabisa kwa sababu basi la Korogwe lingepita saa nne na nusu. Halafu nikachukua ungo wa mchele, lakini sikwenda nao nyuma. Nilikwenda kukaa kwenye benchi la mbele, linalotazama lami. Hakuna aliyeniambia nikae wala nisikae. Mwajabu alikuja na sahani yake, akanisukuma kidogo na nyonga nimpishe, akaanza kula. Mama alikuwa anageuza maandazi. Lori la Mzee Mhando likasimama, akashuka na utingo wake, wakanawa, na alipoinua kichwa kutoka kwenye jagi akaniona.

"Heh! Bonge wa zamani karudi mbele! Mbona mikono mitupu?" Akageuka jikoni. "Mama Zaina, mpe mtoto sahani, leo anasafiri."

Kibanda kilikuwa kimejaa. Hata Mama Pili kule ng'ambo alikuwa ameacha kupepea. Nilisikia masikio yangu yanawaka moto, nikainamia ungo.

"Ameshiba," mama akasema.

"Ameshiba nini, na mimi sijaona sahani?"

"Nimesema mwanangu ameshiba, Mzee Mhando. Wewe umekuja kula au umekuja kukagua matumbo ya watu?"

Watu wakacheka, Mzee Mhando akainua mikono akisema yaishe, yaishe, akaagiza wali nyama. Mama mdogo akaanza kupakua. Kwa pembe ya jicho nilimwona mama amekuja kuegemea nguzo. Alifuta mikono kwenye kanga, kiganja kimoja halafu kingine, na hakuwa anamtazama Mwajabu. Sikuinua kichwa, niliogopa akijua nimemwona ataacha. Mchele ulikuwa umeshakuwa safi. Niliurudisha wote upande mmoja wa ungo, nikaanza kuuchambua tena tangu mwanzo.